Kwenda Makongolosi Kumwamsha Festo

Niliondoka Kilolo kwa sababu ya usingizi wa mtu mwingine. Wifi yangu Tumpe alinipigia simu Jumapili, tukiwa ndio kwanza tumetoka kanisani, akasema kabla hata ya kumaliza salamu kwamba niende nikamchukue ndugu yangu, maana yeye amechoka kuishi na mtu anayelala mchana kama popo.

Ndugu yangu huyo ni Festo, kitinda mimba wetu, aliyekwenda Makongolosi kuchimba dhahabu akiwa kijana. Dhahabu ya kujivunia hakuipata. Alimpata Tumpe, Mnyakyusa wa watu, na miaka michache baadaye baruti ikalipuka karibu na uso wake akiwa kazini. Madaktari walilazimika kumwondoa macho yote mawili. Tangu hapo yeye na mkewe wana duka dogo la sukari na sabuni, na noti anazitambua kwa vidole vizuri kuliko mimi ninavyozitambua kwa miwani.

Kaka yetu mkubwa, Yohana, alipopata habari hakutaka maneno mengi. Alisema Festo arudi nyumbani, na jioni ile ile akaanza kuhamisha viazi kutoka chumba cha nyuma ili kipatikane mahali pa kitanda. Nikatumwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa na Festo hajazoea kunikatalia. Nilikubali haraka, tena kwa kiburi kidogo. Nafuga ng'ombe wa maziwa. Naamka kabla ya jogoo, bila saa na bila kuguswa bega na mtu, iwe mvua iwe baridi, na siku zote nilikuwa nikiamini kwamba usingizi ni tabia tu. Anayelala mchana, nilidhani, amekosa mtu wa kumwamsha. Basi nilikuwa nakwenda kumwamsha.

Jumatatu alfajiri Kilolo ilikuwa imejifunika ukungu hadi shingoni. Nilimwachia binti yangu Lusungu ng'ombe, nikampa maagizo ambayo alishayajua, nikashuka Iringa mjini na gari la jirani lililokuwa linapeleka kabichi. Pale Ipogolo nikapanda basi la Mbeya, nikapata kiti cha dirishani.

Kuanzia Mafinga ni miti ya mbao mpaka uichoke. Makambako upepo ulikuwa unavuma kama kawaida yake, abiria walioshuka kununua mahindi ya kuchoma wakarudi wamejikunyata. Halafu barabara ikateremka, baridi ikabaki nyuma, na tulipoingia bonde la Mbarali nilikuwa nimevua sweta la kwanza na kulitazama la pili kwa mashaka. Mama niliyekaa naye alikuwa mkulima wa mpunga wa Madibira. Aliniuliza safari yangu, nikamweleza kwamba nakwenda kumnyoosha ndugu yangu anayelala mchana. Akanitazama kidogo, akasema mume wake naye hulala mchana, ila yeye humwacha, kwa sababu akiwa macho anaongea sana.

Mbeya nilifika jioni, nikalala nyumba ya wageni karibu na stendi.

Jumanne asubuhi nikachukua gari la Chunya. Barabara inapanda kwanza, inapanda mpaka unafikiri dereva amekosea na anakwenda mbinguni, halafu inageuka na kuanza kushuka kwenye joto, vumbi na miti mifupi. Baada ya Chunya mjini nikaanza kusikia makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na Makongolosi ikanipokea kwa mngurumo wake. Nilijiambia kwamba anayeweza kulala katikati ya kelele hizi mchana ana kipaji.

Kipaji hicho nilikikuta dukani. Festo alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, miwani yake myeusi imeteleza hadi ncha ya pua, kichwa kimelala kwenye mzani wa sukari. Mteja mmoja alikuwa anajipimia mwenyewe kilo moja kwenye mzani mwingine upande wa pili, taratibu asimwamshe. Aliweka hela chini ya kopo, akaniamkia, akaondoka. Niliposema "Festo" kwa ile sauti yangu ya zizini, aliinuka wima.

"Dada," akasema, "nimekusikia tangu Chunya. Nilikuwa nimefumba macho tu."

Tumpe alitoka nyuma akifuta mikono. Alinisalimia kwa Kinyakyusa, Ugonile, salamu ambayo maana yake ni kuuliza kama umelala. Festo akadakia kwamba ndiyo maana amepata shida tangu aoe huku, watu wenyewe hata salamu yao ni upelelezi. Tumpe hakucheka. Nikajua mambo ni makubwa kuliko nilivyodhani, kwa sababu wifi yangu ni mtu wa kucheka.

Jioni aliniambia yote tukiwa tunachambua mboga. Kuna wakati Festo anakuwa mzima kabisa. Analala watu wanapolala, anaamka wanapoamka, anauza, anaimba. Halafu anaanza kuharibika kidogo kidogo. Usingizi wa usiku unachelewa, siku inayofuata unachelewa zaidi, mpaka inafika mahali usiku kucha yuko uani na redio yake na mchana hawezi kushika hata kijiko. Halafu anarudi tena kuwa mzima, bila dawa wala maombi. Majirani walikuwa na maelezo yao. Wapo waliosema anakunywa kwa siri. Wapo waliosema ni mambo ya mwezi. Wengi walisema ni uvivu, na ushahidi wao ulikuwa Mzee Mwasongwe, anayekaa nyumba ya tatu kutoka pale. Mzee huyo naye haoni, macho yake yamefunikwa na utando mweupe kwa miaka mingi, lakini analala mapema na kuamka na jogoo kama askari. Kama ni upofu, watu walisema, mbona Mwasongwe halali mchana?

Hoja hiyo ilinikaa vizuri. Niliona haina jibu.

Jumatano nilianza kazi yangu. Niliamka saa yangu ya siku zote, giza bado, nikakaa kitandani mikono ikiwa mapajani. Vidole vilitaka kukamua na hapakuwa na wa kukamuliwa. Basi nikaenda kumkamua Festo usingizi. Nilimnawisha maji baridi, nikamtembeza, nikamchotesha maji kisimani akinishika bega, nikamkataza kiti mchana kutwa. Hakulalamika. Alinitania tu kwamba jeshi la wananchi limepoteza mtu. Mimi nilisubiri usiku kwa hamu, nikijua mtu aliyechoka hivyo lazima alale. Asubuhi Tumpe akanieleza kwamba hakulala hata kidogo. Alhamisi nikakaza zaidi, na matokeo yakawa yale yale, isipokuwa sasa midomo yake ilikuwa imepauka na alikuwa anajibu maswali ambayo sikumwuliza.

Ijumaa adhuhuri nilimkalisha jikoni achambue maharage, ili asipate nafasi ya kusinzia. Nilitoka kidogo kuchukua chumvi. Niliporudi nilikuta amelala amekaa, anayumba, na kabla sijafika akaanguka upande wa jiko la mkaa. Mkono wake wa kulia ukagusa sufuria iliyokuwa inachemka.

Hakupiga kelele kubwa. Alivuta pumzi tu, akaushika mkono kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga. Ule ndio mkono anaohesabia noti, anaopapasia mlango, anaomshikia mkewe bega njiani. Nilisimama na chumvi yangu mkononi. Tumpe aliumwagia maji baridi kwa muda mrefu, machozi yanamtoka, na hakunitazama.

Kwenye zahanati tabibu alimfunga bandeji vizuri, akasema mkono utapona. Kisha akauliza ilikuwaje mtu akasinzia juu ya moto. Tulimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama macho yenyewe yapo au yaliondolewa, akatikisa kichwa taratibu. Alisema hilo si la kwake, lakini kuna daktari Mbeya anayeshughulika na mambo ya ubongo, na twende tukamwone kabla hatujaendelea kumtibu wenyewe. Alipotamka hilo neno, "wenyewe", alikuwa ananitazama mimi.

Jumatatu tukafunga duka, tukapanda tena ule mlima, safari hii tukiwa watatu. Festo alilala njia nzima, na hakuna aliyemwamsha.

Hospitalini tulipokelewa na Daktari Zuhura, mwanamke mdogo kwa umbo, mzaliwa wa Mbeya ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake bado kilikuwa na pwani ndani yake. Festo alimwambia mapema kwamba aongee kwa ukali kidogo, maana kwa sauti ile tamu yeye atalala tena. Daktari akacheka, akamwomba avue miwani. Alipouliza macho yako wapi, Festo akajibu kwamba aliyaacha hospitali nyingine, kama wanaweza kuulizia.

Daktari alimgeukia Tumpe, si mimi. Alitaka kujua ule ubaya unakuja vipi, kwa ghafla au kwa kusogea. Tumpe akasema kwa kusogea, kila siku unachelewa kidogo, unazunguka mpaka unarudi pale pale, ndiyo maana watu wanasema ni mwezi. Daktari aliweka kalamu chini, akasema wifi yangu ameshamaliza nusu ya kazi yake.

Halafu akatueleza, na nitajitahidi kuyasema kama alivyoyasema. Ndani ya kichwa, nyuma ya macho, juu kidogo ya mahali mishipa miwili ya macho inapopishana, kuna kundi dogo la seli zimekaa pamoja, zote hazizidi punje ya mchele. Hizo ndizo saa ya mwili. Zinaupangia mwili lini upate joto na lini upoe, lini njaa iume, lini usingizi uje. Tumbo lina saa yake ndogo na ini lina yake, lakini zote zinaisikiliza ile kubwa kama waimbaji wanavyomtazama mwalimu wa kwaya. Ila saa hiyo haiko sawa kabisa na siku ya Mungu. Kwa watu wengi inachelewa kidogo. Kinachoirekebisha ni mwanga. Kila asubuhi mwanga unaingia machoni, unakwenda hadi kwenye ile punje, unaisogeza mbele, na mwenye nayo hata hajui kwamba amerekebishwa.

"Kaka Festo hana mlango wa kuingizia mwanga," akasema. "Saa yake inatembea, tena nzuri tu. Hakuna wa kuirekebisha. Leo inachelewa kidogo, kesho inachelewa juu ya kuchelewa kwa jana, mpaka mchana wenu unakuwa usiku wake. Ikizidi kuchelewa inazunguka, inakutana na nyinyi tena, mnasema amepona."

Mimi nikamleta shahidi wangu, Mzee Mwasongwe. Daktari akasema mzee huyo haoni watu, lakini macho anayo, na ndani ya jicho mna sehemu ambayo kazi yake si kuona sura ya mtu, ni kuuambia ubongo tu kwamba kumekucha. Utando unazuia sura, mwanga wenyewe unapita. Wapo hata wasioona kabisa, wasiojua kama taa imewashwa, na bado saa zao zinapata habari hiyo. Basi mzee si hodari kuliko Festo. Ana macho, hata kama hayamwonyeshi njia.

Nilitaka kupata pa kusimama, nikauliza kuhusu ng'ombe wangu, ambao hujipanga wenyewe mlangoni saa ya kukamuliwa. Akasema nao wanayo, ile ile, mahali pale pale. Panya wanayo, mbuzi wanayo, popo wanayo, kila mnyama anayenyonyesha. "Na wewe mama unayeamka bila saa," akaongeza, maana Festo alishamweleza habari zangu, "saa unayo. Umeibeba tu mahali usipoiona."

Festo alisema hiyo inaelezea mengi, kwamba dada yake na ng'ombe wake wanatumia kichwa kimoja. Tumpe akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu nifike.

Dawa haikuwa ya ajabu. Ubongo wenyewe hutengeneza homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia, na kuna kidonge cha homoni hiyo. Festo akinywe jioni, kila siku wakati ule ule, lakini asianze sasa hivi. Asubiri saa yake izunguke ikutane na ya watu, ndipo aanze, ili kidonge kiishike pale pale isiteleze. Ale kwa wakati, atembee asubuhi, afanye kazi mchana. Daktari hakutuahidi kitu. Alisema inaweza kuchukua muda, kwa wengine inashika vizuri na kwa wengine nusu nusu. Kuhusu maji ya baridi hakusema neno, na nilimshukuru moyoni.

Mchana ule tulikaa kwenye mgahawa nje ya hospitali, ndizi na nyama mezani. Yohana akapiga simu. Chumba kilikuwa tayari, alisema, na kitanda amekiazima, tunafika lini? Nilikuwa nimeiweka simu kwa sauti ya juu kwa kutojua kubonyeza, na wote wawili wakasikia. Nikasema nitampigia baadaye.

Festo aliacha kula. Alisema kama imeamuliwa hawezi kubishana, ila huko Kilolo atakuwa anafanya nini, kuwasikiliza ng'ombe? Duka ni mguu wake. Kisha akamgeukia mkewe, kwa sababu Tumpe ndiye aliyeomba aondolewe.

Tumpe alikuwa anakata nyama ya mumewe vipande vidogo, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa na bandeji. Aliongea akiitazama sahani.

"Mimi nilidhani ananikimbia. Usiku nikigeuka hayupo, yuko uani na redio. Mchana nikitaka tuongee, amelala. Nikajua ameshanichoka, anatafuta saa ambayo mimi sipo."

Festo alinyoosha mkono wa kushoto, akapapasa meza, akapita chumvi, akapita glasi, akafika mkononi mwake.

"Sikukimbii, mama," akasema. "Nachelewa tu."

Niliinuka kwenda kulipa, ingawa mhudumu alikuwa bado hajaleta hesabu.

Jumanne nilirudi nyumbani peke yangu. Chimala nilishuka kununua mchele, nikauweka miguuni, na njia nzima nilikuwa nikiufikiria ule ukubwa wa punje moja. Makambako nikavaa sweta la pili. Kilolo nilifika ukungu ukiwa unarudi, na Yohana, niliyemwambia kwenye simu kwamba niko njiani tu, alikuwa amesimama barabarani na tochi, akamulika nyuma yangu kumtafuta Festo, akamulika tena kana kwamba nimemficha kwenye mchele. Nilimweleza usiku ule na kesho yake. Suala la jicho kuuambia ubongo kwamba kumekucha alilikubali. Suala la ini kuwa na saa alilikataa, akasema huyo daktari alikuwa anatutania. Lakini viazi vilirudi chumba cha nyuma kabla wiki haijaisha.

Nilichojifunza si kirefu. Maisha yangu yote nimejisifu kwamba naamka. Kumbe naamshwa. Kila siku kuna mwanga unaokuja kufanya kazi ile bure, mimi nachukua sifa. Na yule tuliyemwita mvivu, kwa miaka yote hiyo, kila mara saa yake ilipokuwa imegeuka alifungua duka katikati ya usiku wake mwenyewe, akapima sukari, akarudisha chenji sahihi, na shukrani aliyopata ni kuambiwa anakunywa. Siku hizi Lusungu akichelewa kuamka namwita mara moja tu, tena kwa adabu. Anadhani ninaumwa.

Festo alianza vidonge saa yake ilipokutana na yetu. Mwezi wa kwanza aliteleza kama kawaida, Tumpe akanipigia kwa unyonge, nikamwambia tuvute subira, ingawa yangu ilikuwa imebaki kidogo. Mwezi uliofuata hakuteleza sana kama mwanzo, halafu akaacha kuteleza. Nilikuwa siulizi sana. Niliogopa kuliharibu jambo kwa kulitazama.

Asubuhi moja nikiwa zizini, ndoo katikati ya magoti, mwanga ndio kwanza unaanza juu ya miti, simu ikalia. Ilikuwa ni Festo. Kwa mazoea ya zamani nilimwuliza kama ndiyo anakwenda kulala. Nyuma yake nilisikia Tumpe akimwitikia mteja, na mlango wa bati wa duka ukisukumwa wazi.

"Nimelala vizuri, dada," akasema. "Nimeamka mwenyewe. Niko macho."

Ng'ombe akageuza shingo kunitazama, maana mikono yangu ilikuwa imesimama.